Plagi namba sita au saba baada ya kompreshini kupanda: mimi na fundi wangu hatusikizani

#1 Pwani111
Salaam kwenu nyote. Nina Toyota 111 ambayo mwenyewe wa kwanza aliitoa injini ya asili huko Nairobi akaitia 4A-GE ya vali ishirini, ile yenye kifuniko cheusi. Mwezi uliopita ilichemka nikipanda Mazeras, gasketi ya hedi ikaungua, na hedi ikapelekwa kupigwa skimu. Aliyeichonga aliniambia ameondoa 0.4 milimita. Tangu injini irudi, gari lina nguvu kuliko zamani, lakini nikiwa na abiria watatu kwenye mwinuko wa Mazeras kuelekea Mariakani, gia ya tatu na mguu chini, nasikia sauti kama changarawe zinazotikiswa ndani ya mkebe. Nikiwa mjini Mombasa siisikii kabisa.

Fundi wangu wa Majengo asema kompreshini, yaani kiasi ambacho hewa hugandamizwa ndani ya silinda, imepanda, kwa hiyo plagi namba sita za NGK zilizomo zimekuwa za moto mno na sina budi kutia namba saba. Binamu yangu, ambaye pia ni fundi, asema plagi haihusiki hata kidogo. Jana usiku nilizitoa zote nne nikazipanga juu ya gazeti. Ya kwanza, ya pili na ya nne zina rangi ya biskuti. Ya tatu kauri yake ni nyeupe pe, na nikiimulika kwa tochi naona vitone vidogo vinavyong'aa kama chembe za chumvi. Nauliza: namba ya plagi huchaguliwaje kompreshini ikipanda, na hiyo ya tatu inasema nini?

#2 Muuza Spea wa Mwembe Tayari
Karibu, ndugu. Jambo hili ni jepesi. Namba kubwa ni plagi ya baridi, namba ndogo ni ya moto, na sheria hiyo ni moja kwa kila kampuni. Kompreshini ikipanda unapanda namba moja. Msikilize fundi wako, chukua saba, ufunge shauri.

#3 Mwalimu wa Warsha
Muuza Spea, hiyo "kila kampuni" itamponza mtu. Ni kweli kwa NGK na kwa Denso, ingawa Denso wana hesabu yao: 16 yao inakaribiana na 5 ya NGK, 20 na 6, 22 na 7, 24 na 8. Kwa Bosch za leo mambo ni kinyume, kwani W5 ni ya baridi kuliko W7, na Champion nao kadiri namba inavyopanda ndivyo plagi inavyokuwa ya moto. Mtu akiingia dukani akiomba "saba" bila kutaja kampuni, anaweza kutoka na plagi iliyokwenda upande asioutaka.

Tuweke sawa pia maneno yenyewe. Plagi "ya moto" haitoi cheche kali zaidi. Tofauti iko kwenye urefu wa pua ya kauri iliyo ndani ya chuma. Pua ikiwa ndefu, joto husafiri mbali kabla ya kufika kwenye hedi na maji, kwa hiyo ncha hukaa na moto. Pua ikiwa fupi, joto hutoroka upesi. Ncha inatakiwa ipite takriban nyuzi 450 ili ichome masizi yake yenyewe, na isifike karibu na nyuzi 850, kwani huko yenyewe hugeuka kaa la moto linalowasha petroli kabla ya cheche kutoka. Kazi yote ya kuchagua namba ni kuibakiza ncha katikati ya mipaka hiyo miwili, kwa namna wewe unavyoendesha.

#4 Muuza Spea wa Mwembe Tayari
Nimekwenda kabatini nikazisoma sanduku, na Mwalimu amesema kweli kuhusu Bosch. Miaka yote hii nimekuwa nikifuata namba iliyoandikwa kwenye plagi kuukuu ya mteja, kwa hiyo kosa halikuwahi kunirudia. Najitetea kwa jambo moja tu: mzee aliyenifunza kazi alikuwa akisema Bosch kubwa ni ya baridi.

#5 Mwalimu wa Warsha
Na mzee wako hakukosea kwa zama zake. Bosch za kale ziliandikwa W 145, W 175, W 225, na hizo kweli kubwa ilikuwa ya baridi. Baadaye walibadilisha mfumo na hesabu ikageuka.

#6 Hesabu Kwanza
Kabla ya kubishana juu ya namba, na tujue kompreshini imepanda kiasi gani. Injini hiyo ina kipenyo cha silinda cha milimita 81 na mwendo wa pistoni wa milimita 77, kompreshini ya kiwandani ikiwa 11.0. Silinda moja humeza sentimita za ujazo 396.8, na chumba kilichobaki juu ya pistoni ni kama 39.7. Ukiondoa 0.4 milimita kwenye duara la milimita 81 umepunguza kama 2.1, chumba kinabaki 37.6, na kompreshini inakuwa 11.55. Si mabadiliko ya kumtisha mtu.

#7 Mtoto wa Jua Kali
Umehesabu kana kwamba kilichochongwa ni bloku. Kwenye hedi unachokata ni mdomo wa chumba cha hedi, ambao kwa injini ya vali tano una umbo lake na haujazi duara zima la silinda, kwa hiyo ujazo unaopotea ni pungufu ya huo wako. Mimi ningesema kati ya 11.4 na 11.5. Tena mwenye gari hakutuambia kama gasketi mpya ina unene sawa na ya zamani. Gasketi nyembamba huweza kuongeza kuliko hiyo skimu.

#8 Pwani111
Ahsanteni. Gasketi iliyotoka ilikuwa imeungua na kubanjuka, hatukuipima. Mpya niliinunua kama "ya 4A" na sikuulizia unene. Naona nimeanza kujifunza nikiwa nimechelewa.

#9 Mpanda Boda wa Kisauni
Mimi pikipiki yangu ya abiria ilikuja na namba saba. Nilitia nane kwa kuambiwa yavumilia joto la Mombasa. Kwa safari fupifupi za Kongowea na Bamburi, ndani ya siku kumi ilikuwa nyeusi tititi na asubuhi haiwaki. Nimerudi kwenye saba na sina tatizo. Baridi nayo ina gharama yake.

#10 Baharia wa Mtongwe
Na moto una gharama kubwa zaidi, nami nina kipande cha pistoni nyumbani cha kuthibitisha. Mashine yangu ya boti ni ya mipigo miwili, oili huchanganywa na petroli. Tulipokuwa tukiburura mishipi taratibu asubuhi nzima, plagi zilijaa masizi yenye mafuta na mashine ikawa inakohoa. Nikashauriwa kutia plagi ya moto zaidi kwa namba mbili, na kwa mwendo ule wa kuburura mashine ililainika kama mpya. Siku moja kusi ikatukaza, chombo kimejaa, tukarudi na mashine imefunguliwa mwisho kwa zaidi ya nusu saa. Hatukusikia kugonga wala kelele yoyote. Nguvu ilipungua ghafla, mashine ikazima, na tulipoifungua pistoni ya juu ilikuwa na tundu la upana wa ncha ya kidole, kingo zake zimeyeyuka kama nta.

Kwa hiyo ndugu Pwani111, usiongozwe na hali ya mjini. Plagi ichaguliwe kwa ile nusu saa ngumu kuliko zote katika wiki yako.

#11 Mwalimu wa Warsha
Kisa cha Baharia nitakitumia darasani kwa idhini yake, kwa sababu kinatenganisha mambo mawili ambayo hapa tumeanza kuyachanganya. Kilichomtoboa pistoni ni petroli kuwaka kabla ya cheche, kwa sababu ncha imekuwa kaa. Hilo mara nyingi halina sauti mpaka madhara yawe yamefika. Sauti ya changarawe aliyoieleza Pwani111 ni jambo jingine: cheche imetoka kwa wakati wake, moto umeanza kusambaa, kisha mchanganyiko uliobaki pembeni ukalipuka wenyewe kwa mgandamizo na joto. Huko ndiko kugonga. Kutia plagi ya baridi huzuia lile la kwanza, na kwa hili la pili msaada wake ni mdogo sana. Ila kugonga kwa muda mrefu hupasha ncha ya plagi, na ncha ikishapata moto lile la kwanza hufuata, ndiyo sababu mafundi wengi huyaona kama kitu kimoja.

Vile vitone vinavyong'aa kwenye plagi ya tatu, kama kweli vinang'aa na si vyeusi, huenda ni alumini kutoka kwenye uso wa pistoni. Ningekuwa wewe nisingepanda tena Mazeras kwa mguu chini mpaka jambo hili lijulikane.

#12 Mzee wa 504
Vijana mmesahau kuuliza gari limetoka wapi. Limejengwa Nairobi! Nilipokuwa na Peugeot 504 yenye kabureta, tuliishusha kutoka bara ikiwa imetiwa jeti (vile vitundu vya kupimia petroli) za huko juu, ambako hewa ni nyepesi. Tulipofika Mombasa hewa ikawa nzito, petroli ikawa haitoshi, na injini ikapata moto hata ukiizima kwa ufunguo inaendelea kutapatapa peke yake kama kuku aliyechinjwa. Tulibadilisha jeti, na pia plagi kwa namba moja ya baridi, ikatulia. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Kilichokuwa salama kule si lazima kiwe salama hapa.

#13 Hesabu Kwanza
Shikamoo mzee. Hoja ni nzuri lakini gari hili halina kabureta. Injini ya kifuniko cheusi hupima mgandamizo wa hewa kwenye manifoldi na kurekebisha petroli yenyewe, na hata kuendelea kutapatapa baada ya kuzimwa hakuwezekani, kwa sababu ufunguo ukizimwa sindano za petroli nazo hufungwa.

#14 Mzee wa 504
Marahaba. Petroli itajirekebisha, sawa. Je, disbuta nayo hujizungusha yenyewe ikifika Mtito Andei?

#15 Mwalimu wa Warsha
Mzee amegusa penyewe, na naona aibu kwamba sikuuliza. Kwa urefu wa Nairobi, mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 ya ule wa usawa wa bahari, na silinda hujazwa kidogo kwa kiasi kicho hicho. Mafundi wengi wa bara huisogeza disbuta mbele, cheche itoke mapema zaidi, ili kuirudishia injini uchangamfu, na kule haigongi kwa sababu silinda hazijai. Ukiishusha pwani silinda zinajaa, na taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, imebaki ile ile.

Nimefanya hesabu ya darasani, isiyotilia maanani joto linalopotea kwenye kuta za silinda. Kuipandisha kompreshini kutoka 11.0 hadi 11.5 kunaongeza joto la mwisho wa mgandamizo kwa nyuzi kama 12. Hewa ya kuvuta ikitoka nyuzi 22 za asubuhi ya Nairobi hadi nyuzi 33 za mchana wa Changamwe, joto hilo hilo linapanda kwa nyuzi kama 25. Yaani Mombasa yenyewe imeiongezea injini yako joto mara mbili ya ile skimu mnayoilaumu. Na taimingi ni kubwa kuliko yote mawili: kuisogeza mbele kwa nyuzi kumi za mzunguko wa injini hupandisha joto la ncha ya plagi kwa takriban nyuzi 70 hadi 100, ambayo ndiyo tofauti ya namba moja ya NGK na nyingine.

Pwani111, unganisha vituo vya TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi, uisome taimingi kwa taa. Inatakiwa iwe nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Ukiwa hapo, hesabu miwako ya taa ya injini: ikitoa 52, kihisi cha kugonga hakisomeki, na kwa injini iliyopandikizwa si ajabu waya wake kuachwa ukining'inia.

#16 Fundi wa Kibokoni
Kwa heshima ya Mwalimu na ya mzee: taimingi, kompreshini, hewa ya bahari na plagi namba sita zimegawiwa silinda zote nne sawasawa. Mbona iliyokuwa nyeupe ni ya tatu peke yake? Ugonjwa wa nyumba nzima hauwezi kumshika mtoto mmoja.

Injini hii ina vipepeo vinne vya kuvutia hewa, kila silinda na chake, na kila kimoja kina mpira na gasketi yake. Hedi ilipotolewa vyote vilifunguliwa. Mpira mmoja ukipasuka au ukikaa upande, silinda hiyo huvuta hewa isiyopimwa, petroli inakuwa haba, na moto wake unazidi. Ama sindano ya petroli ya tatu imeziba nusu. Puliza maji ya sabuni kidogo kwenye maungio injini ikiwa inanguruma taratibu, usikilize pale sauti itakapobadilika. Ukitia plagi ya baridi kabla ya kufanya hivyo, umeivunja taa ya onyo ukadhani umezima moto.

#17 Pwani111
Nimerudi kutoka gerejini. Disbuta ilikuwa nyuzi 14, mzee wa 504 ana haki ya kutucheka. Taa haikutoa 52, ilitoa ile miwako ya mfululizo ya kwamba hakuna kosa. Sabuni haikuonyesha kitu cha kueleweka, ingawa kwenye kipepeo cha tatu nilidhani sauti imeteremka kidogo, na binamu yangu akasema nimesikia nilichotaka kusikia.

Lakini kuna jambo nililolisahau kwenye ujumbe wa kwanza, na sijui kama lina maana. Nilipozitoa plagi ule usiku, ya kwanza, ya pili na ya nne zilihitaji spana. Ya tatu niliigusa kwa soketi tu ikazunguka, na mizunguko yote iliyobaki niliimaliza kwa vidole. Washa yake imebanwa bapa kabisa kama ya plagi iliyokwisha kutumika, na pembeni ya nyuzi zake za kufungia kuna weusi.

#18 Mtoto wa Jua Kali
Umelisahau jambo kama hilo na kutuacha tukihesabu ujazo wa hedi!

#19 Mwalimu wa Warsha
Lina maana kubwa. Njia kuu ya joto kutoka kwenye plagi ni nyuzi zake na ile washa, vikiwa vimekaza dhidi ya hedi. Plagi iliyolegea haina pa kupitishia joto, kwa hiyo namba sita iliyolegea inaweza kufanya kazi kama namba nne au mbaya zaidi. Washa kuukuu iliyobanwa haifinyangiki tena ikashika. Kwa plagi ya milimita 14 yenye washa, kwenye hedi ya alumini, watengenezaji hutaja niutonimita 25 hadi 30. Asiye na spana ya toki huikaza kwa mkono mpaka ikae, kisha nusu mzunguko hadi thuluthi mbili kwa washa mpya. Nyuzi ziwe safi na kavu, kwani grisi huifanya spana idanganye.

#20 Fundi wa Kibokoni
Nakubali kwamba plagi iliyolegea huungua. Sikubali kwamba tumefika. Plagi hulegea kwa sababu haikukazwa, na pia hulegea kwa sababu silinda hiyo inagonga na kuitikisa kila siku. Mwaka jana nilipokea gari lenye plagi iliyolegea, nikaikaza, mteja akaondoka na furaha, akarudi baada ya wiki mbili imelegea tena. Kisa kilikuwa sindano ya petroli.

#21 Muuza Spea wa Mwembe Tayari
Nina spana ya toki ambayo hainunuliki wala haisogei dukani. Pwani111 apite aiazime, bora aniletee washa mpya nizione. Aziangalie pia hizo plagi zake kwa makini, maana plagi bandia zimejaa: maandishi ya kauri yakifutika kwa kidole chenye petroli, hiyo si ya kuamini, na namba iliyoandikwa haina maana yoyote.

#22 Demio Nyeupe
Nauliza kama mgeni wa mambo haya. Mazda Demio yangu ya mwaka 2011, ya 1.3 SkyActiv, ina kompreshini ya 14.0, na jirani yangu ana Prius ya kizazi cha pili yenye 13.0. Tunapanda Mazeras kila mwisho wa mwezi na hatusikii changarawe. Ikiwa 11.5 ni tatizo, sisi mbona tumesalimika?

#23 Hesabu Kwanza
Swali zuri kuliko majibu yetu mengi. Hiyo 13.0 ya Prius ni ya karatasi: vali za kuvuta hewa huchelewa kufunga, sehemu ya hewa inarudishwa ilikotoka, na kinachogandamizwa kwa hakika ni kidogo. Demio yako nayo ina hila hiyo, na zaidi ya hayo hunyunyizia petroli ndani ya silinda yenyewe, ambako kuvukizwa kwake hupoza hewa. Namba ya kompreshini peke yake haikwambii plagi ya kutia. Nyinyi fuateni iliyoandikwa na kiwanda, msiiongezee wala kuipunguzia.

#24 Mtoto wa Jua Kali
Kabla hatujaenda Japani, na tumuulize mwenye gari: themostati, ile vali ya kudhibiti maji ya kupozea injini, imo? Injini ilichemka, na hapa Mombasa ikichemka jambo la kwanza ni fundi kuing'oa themostati na kusema nchi hii haihitaji. Kwenye Toyota hizi themostati ikipata moto pia huifunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani hedi huzidi joto ilhali mjini geji iko chini.

#25 Pwani111
Haimo. Iliondolewa siku ile ile ya gasketi. Nacheka peke yangu hapa.

#26 Mzee wa 504
Cheka, mwanangu, lakini usipande Mazeras.

#27 Mtoto wa Jua Kali
Itakapokuwa tayari, ipime kwa njia ya wazee. Panda kwa mzigo mzima, kisha zima injini papo hapo ukiwa nyutro, uache gari lisimame lenyewe, utoe plagi ukiwa hapo hapo kando ya njia. Angalia ule mkono wa chini wa chuma: alama ya joto ikiwa kwenye pindo lake, namba ni sawa, ikiwa imeteremka karibu na nyuzi, plagi ni ya moto mno, ikiwa kwenye ncha tu, ni ya baridi mno. Plagi uliyoitoa baada ya kuvuka kivuko na kungoja foleni haikuonyeshi ya mlimani.

#28 Mwalimu wa Warsha
Nina mashaka mawili. Injini ikizimwa gari likiwa linakwenda, breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache, usukani unakuwa mzito, na ukiuzungusha ufunguo kupita kiasi usukani hufunga. Nyuma yako kuna malori ya makontena. La pili, petroli ya siku hizi haina madini ya risasi na huacha rangi hafifu sana kwenye plagi. Alama hiyo mliyofundishwa na wazee inahitaji plagi mpya, kioo cha kukuzia na macho ya subira.

#29 Mtoto wa Jua Kali
La malori nimelikubali. La rangi bado. Mimi huiona.

#30 Pwani111
Ripoti baada ya siku tisa. Nimerudisha themostati, nimeshusha taimingi hadi 10, na nimetia plagi mpya namba saba zenye washa mpya, zote kwa niutonimita 27 kwa spana ya Muuza Spea, ambayo bado ninayo. Jumapili nilipanda hadi Mariakani na watu watatu, mchana wa saa saba, gia ya tatu. Hakuna changarawe hata moja. Fundi wa Majengo amefurahi sana na kuniambia aliyajua haya tangu mwanzo.

Tatizo ni kwamba wiki nzima ya foleni ya Nyali na kungoja feri imezifanya plagi zote nne kuwa na masizi makavu meusi, na asubuhi injini inakosa moto sekunde kadhaa kabla ya kutulia. Ya tatu nayo ni nyeusi, ila si nyeusi kama wenzake.

#31 Fundi wa Kibokoni
Umebadilisha vitu vitatu kwa mpigo, halafu fundi wako amepewa tuzo ya kimoja. Na hilo la mwisho umelisema kwa sauti ndogo, nami nimelisikia: ya tatu bado ni nyepesi kuliko wenzake, hata kwa plagi ya baridi, hata ikiwa imekazwa.

#32 Mwalimu wa Warsha
Masizi makavu yaonyesha kwamba ncha haifiki nyuzi 450 katika mwendo wako wa kila siku. Mimi naelekea kuamini kwamba taimingi na themostati ndizo zilizonyamazisha mlima, na kwamba sita zilizokazwa sawasawa zingetosha.

#33 Baharia wa Mtongwe
Nami naelekea kuamini kwamba asubuhi ya kukosa moto sekunde chache ni rahisi kuliko pistoni. Bakia na saba, na mara moja kwa wiki lipeleke gari mpaka Mtwapa kwa kasi ya halali lijichome masizi.

#34 Mpanda Boda wa Kisauni
Petroli ya Mtwapa kila wiki atalipa nani?

#35 Pwani111
Nimeamua hivi. Jumamosi asubuhi, kabla ya jua kupanda, narudisha namba sita mpya bila kugusa kitu kingine, na napanda Mazeras na watu wale wale watatu. Ikigonga naondoa mguu mara moja na narudi na jibu.

#36 Fundi wa Kibokoni
Kabla ya kupanda, badilisha sindano ya tatu na ya kwanza, kila moja uitie alama ya rangi. Weupe ukihamia silinda ya kwanza, sindano imejisema. Ukibaki ya tatu, fungua kipepeo.

#37 Hesabu Kwanza
Lakini hivyo atakuwa amebadilisha vitu viwili kwa mpigo, jambo ulilomkemea nalo juzi.

#38 Fundi wa Kibokoni
Basi na apande mara mbili.

#39 Muuza Spea wa Mwembe Tayari
Apande hata mara nne, lakini spana yangu iwe dukani Jumatatu asubuhi. Tangu mjue kwamba ninayo, wamekuja watu watatu kuiulizia.